Kumsindikiza Mtoto kutoka Darasa la Sita hadi Kidato cha Pili: Mwongozo kwa Wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Wazazi wengi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe huelekeza nguvu zao zote kwenye mtihani wa darasa la saba, na mtoto akishaumaliza huona kwamba kazi kubwa imekwisha. Kwa maoni yangu, mtoto wa umri huu ni nadra kupotelea ndani ya chumba cha mtihani. Hupotelea katika nyufa zilizo kati ya hatua moja na nyingine: miezi ya kusubiri kidato cha kwanza, majuma ambayo lugha ya kufundishia inabadilika, chumba cha kupanga kilicho mbali na macho ya wazazi, na msimu wa shamba unaogongana na ratiba ya shule. Mwongozo huu unahusu namna ya kuziba nyufa hizo, na umeandikwa kwa ajili ya mzazi au mlezi yeyote, awe amesoma sana au hakubahatika kusoma.

Jitambulishe shuleni kabla ya kuitwa

Usisubiri barua ya wito. Katika majuma ya mwanzo ya muhula, nenda shuleni siku ya kazi, umwombe mwalimu mkuu, au mkuu wa shule ikiwa ni sekondari, akukutanishe na mwalimu wa darasa. Mwachie namba yako ya simu na ya mtu mzima mwingine wa nyumbani, kisha muulize mambo ambayo ripoti ya muhula haiyasemi: mtoto hukaa na nani, hufika saa ngapi, hutoroka vipindi gani, na akikwama huuliza au hunyamaza. Omba pia kuonyeshwa rejesta ya mahudhurio. Alama huchelewa kushuka, lakini mahudhurio hutangulia, na mtoto anayekosa shule kila siku ya gulio ana jambo ambalo mtihani utakueleza baadaye sana.

Vikao vya wazazi vina nguvu kuliko wengi wanavyodhani, ingawa akina baba wa huku kwetu wana tabia ya kuviachia akina mama na kisha kulalamikia yaliyoamuliwa. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari, matibabu na chakula vimebaki kuwa jukumu la mzazi. Mchango wowote unaoombwa zaidi ya hapo unapaswa kujadiliwa na kukubaliwa na wazazi, kuandikwa kwenye muhtasari wa kikao na kutolewa stakabadhi, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachangia. Haya yote husemwa kikaoni. Akiyasema mzazi mmoja dirishani mwa ofisi, huonekana mkorofi tu.

Hoja moja ambayo ningeshauri kila mzazi aipeleke kikaoni ni ya chakula cha mchana. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulifikia asilimia 56.9 Iringa na asilimia 50.4 Njombe, mikoa ambayo magari ya mahindi, maharage na viazi hutoka kila siku kwenda kulisha miji mingine. Watoto hao wakifika darasa la sita wanaingia katika umri wa kurefuka haraka, na wengi hushinda shuleni hadi saa tisa au kumi kwa kikombe cha chai ya rangi walichokunywa alfajiri. Pendekezeni mchango wa mahindi na maharage ukusanywe Julai, mara baada ya mavuno, wakati gunia lipo ndani na bei iko chini. Ukikusanywa Januari, familia nyingi zitakuwa zinanunua unga kwa kilo, na anayeshindwa kutoa ndiye ambaye mtoto wake alihitaji makande yale kuliko wengine. Muamue pia nani atatunza ghala na mahindi yatahifadhiwaje, kwa maana dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi ghalani, hawangojei kikao kingine.

Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na adhabu hiyo hurekodiwa kitabuni. Mtoto akirudi na majeraha, mpeleke kwanza hospitali, kisha zungumza na mkuu wa shule kwa utulivu. Usiporidhika, nenda kwa Afisa Elimu Kata au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Shamba na shule

Mvua zetu hunyesha msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo shule hufunguliwa Januari, wakati palizi na mbolea ya kukuzia havisubiri. Usangu na Kyela kuna kuamia ndege kwenye mpunga, Rungwe na Mufindi kuna chai ya kuchuma, na Makete kuna viazi vya kupalilia na kuvuna. Sipingi mtoto kujifunza jembe. Mtoto asiyejua kazi ya nyumbani kwao ni hasara nyingine. Pangeni tu mwanzoni mwa msimu, mtoto akiwepo, ni siku zipi na saa zipi atasaidia, na Jumamosi iwe ndiyo siku yenyewe. Kuamia ndege ndiko kunakodanganya zaidi, kwa sababu huonekana kazi nyepesi ya kukaa na kupiga kelele, ilhali ndege huanza kula alfajiri, na mtoto huyo huingia darasani kipindi cha tatu akiwa na matope miguuni na usingizi machoni.

Kati ya Septemba na Januari

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katika miezi hiyo mtoto hana sare, hana ratiba wala mwalimu anayemtafuta, na ndipo anapotokea ndugu kutoka Dar es Salaam aliyekuja msibani au harusini, mwenye maneno mazuri, anayeomba binti wa kumsaidia kulea mtoto “kwa muda tu, mpaka matokeo yatoke”. Sote tunajua mabinti wa Iringa na Njombe walivyo wengi katika majiko ya watu mjini. Wavulana nao huenda kwenye mashine za mbao au vibarua vya viazi, hupata fedha yao ya kwanza, na Januari wanakuwa wameshanogewa. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na hata aliyefikia umri huo huruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomzuia kusoma.

Andaeni jibu la familia mapema, kabla mgeni hajafika, ili mama asiachwe peke yake kumkatalia shemeji yake. “Mtoto huyu anasubiri kidato cha kwanza, likizo ijayo mtamkaribisha kama mgeni” ni jibu linalotosha na halivunji undugu. Kisha tumieni miezi hiyo kwa mambo yanayoonekana: kufuatilia cheti cha kuzaliwa, kusoma kitabu chepesi cha Kiingereza kila siku kwa sauti, na kuweka akiba ya sweta, viatu na madaftari kidogo kidogo. Orodha za shule walizopangiwa hutolewa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Kama huna intaneti, ulizia katika shule ya msingi alikosoma. Asiyechaguliwa asifichwe ndani kwa aibu. Kuna vyuo vya ufundi stadi vya VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama vile Rungemba kule Mufindi na Ilula kule Kilolo, ambavyo hufundisha ufundi.

Wazazi wenye watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 wana la ziada la kujua. Kundi hilo ndilo la kwanza kumaliza elimu ya msingi darasa la sita, mwaka 2027, mwaka ambao darasa la saba la mwisho nalo litamaliza, na makundi yote mawili yamepangwa kuingia kidato cha kwanza 2028. Mtoto wa miaka 12 atakaa dawati moja na wa miaka 13 au 14. Anza mapema kumfundisha kufua, kupika na kusema “hapana” kwa aliyemzidi umri.

Daftari la kidato cha kwanza

Katika shule nyingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha ghafla Biolojia, Jiografia na Hisabati zinakuja kwa Kiingereza. Mwishoni mwa Februari, omba daftari lake la Biolojia. Utakuta kurasa zimejaa, mwandiko umenyooka, michoro ya majani imepakwa rangi ya kijani na vyema vyekundu vimepangana pembeni. Lifunge daftari, mwambie akueleze kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Akieleza kwamba jani linatumia mwanga, maji na hewa, basi ameelewa somo na kinachompa taabu ni maneno tu. Akianza kukariri sentensi ya Kiingereza huku akitazama dari, ujue anachora herufi kutoka ubaoni. Jaribio hili hulifanya vizuri hata mzazi asiyejua Kiingereza. Pengine yeye hulifanya vizuri zaidi, kwa kuwa hawezi kudanganywa na neno gumu.

Dawa yake ni ya polepole. Mnunulie daftari dogo la msamiati, aandike kila siku maneno matano ya masomo yake pamoja na maana kwa Kiswahili, na Jumapili jioni umuulize yote. Ongea na mwalimu wa Kiingereza kuhusu vitabu vya kuazima. Kumpiga marufuku kuzungumza Kiswahili nyumbani, au Kihehe, Kibena na Kinyakyusa cha bibi yake, hakuongezi Kiingereza hata kidogo. Kunapunguza mazungumzo tu, na mazungumzo ndiyo yanayokupa habari zake.

Chumba cha kupanga

Sekondari za kata nyingi ziko mbali na vitongoji, na pasipo bweni wazazi huwapangia watoto vyumba karibu na shule, maarufu kama “geto”. Hosteli ya shule, hata ikiwa na vitanda vya kubanana, ni bora kuliko chumba hicho. Ikibidi kupanga, wawekeni watoto wawili au watatu wa jinsia moja, katika nyumba ambayo mwenye nyumba anaishi humo na ana familia. Kagua mwenyewe komeo la ndani, choo na njia ya kwenda kisimani, kisha mtambulishe mtoto kwa mwenyekiti wa kitongoji. Peleka chakula cha majuma mawili na fedha kidogo kwa wakati mmoja, na umtembelee bila kutoa taarifa. Uliza pia anapandaje bodaboda na nani analipa, maana lifti za bure hudaiwa baadaye.

Jambo la hatari kuliko yote katika vyumba hivyo huja na baridi ya Juni hadi Agosti. Watoto hupika jioni kwa jiko la mkaa nje, kisha huliingiza ndani likiwa bado na makaa, huziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga na kulala. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na mtu hulala asiamke. Mwambie waziwazi kwamba jiko halilali ndani, hata kama moto unaonekana umezimika. Mpe blanketi la pili, soksi nzito na chupa ya kuhifadhia maji ya moto.

Mazungumzo yanayoahirishwa

Binti aelezwe habari za hedhi kabla hajaiona, na awe na taulo ndani ya begi lake la shule. Kama mama huona haya, shangazi au bibi apewe kazi hiyo kwa kutajwa, isibaki kuwa ya kila mtu. Wavulana husahauliwa kabisa. Baba mdogo au mjomba azungumze nao kuhusu mwili, pombe na ulanzi (pombe ya mianzi) wa msimu wa mvua, ambao huku kwetu huhesabiwa kuwa kinywaji cha nyumbani hadi mtoto anapolala mtaroni.

Utafiti wa 2022/2023 ulionyesha kwamba maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, na watoto wengi wanalelewa na bibi zao kutokana na janga hilo. Mtoto anayetumia dawa akienda bweni, mlezi azungumze faraghani na matroni au patroni mmoja anayeaminika kuhusu saa za dawa na siku za kliniki, na mtoto mwenyewe akubali kwanza nani ajue. Bila mpango huo atazificha dawa, na akishazificha ataanza kuziruka.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na familia zinazomalizana na mhalifu kwa ng’ombe au fedha zinamwacha huru aende kwa binti mwingine. Binti naye, tangu Novemba 2021, anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali baada ya kujifungua, ndani ya miaka miwili. Anzeni kwa mkuu wa shule aliyoiacha. Ikiwa masimango yamezidi pale, ombeni kuhamishwa. Amueni kabla ya siku ya kuripoti nani atabaki na mtoto mchanga saa za masomo na nani atagharimia maziwa, kwa sababu pasipo makubaliano hayo binti huwa amerudi nyumbani kabla muhula haujaisha.