Homa ya ini B kwa mlioko majuu: pimeni na mchanjwe huko huko kabla ya kutua Dar Desemba

Kama umezaliwa kabla ya 2002 na umekulia Temeke, Mbagala, Sinza au popote pale Bongo, ile habari ya "mimi nilichanjwa zote utotoni" itoe kichwani. Chanjo ya homa ya ini B (hepatitis B, kirusi kinachoshambulia ini) imeingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka huo wa 2002, kwahiyo wengi wenu mnaobeba maboksi huko hamkuipata. Lile kovu la begani ni la BCG, ni la kifua kikuu. Na ile kadi ya njano mnayoionesha pale JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, ni ya homa ya manjano, ugonjwa mwingine kabisa, ila kila mwaka napata mtu ananitumia picha ya hiyo kadi anasema "si hii hapa nimechanjwa homa ya ini".

Mimi nafanya kazi maabara hapa Dar, na ikifika Novemba simu yangu inajaa voice note za ndugu na marafiki wa ndugu: mtu anakuja kuoa, mwingine anakuja kumuona mchumba waliyejuana mtandaoni, mwingine anakuja kula bata tu na hajifichi. Wote wanauliza HIV. Homa ya ini B hakuna anayeuliza, wakati kirusi chake kinaambukiza kwa urahisi zaidi mara nyingi tu kuliko cha HIV, kinakaa kwenye damu, shahawa na majimaji ya ukeni, na kikidondoka na damu kwenye wembe kinaweza kuishi hapo nje siku 7 au zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) walihesabu watu milioni 254 wanaoishi nacho mwaka 2022 na wengi wao hawajui, kwasababu ini halilalamiki mapema, mtu ananenepa, anapiga kazi, anazaa, afu miaka mingi baadaye ndo tumbo linajaa maji.

Njia ya ngono iko wazi, ukeni na nyuma bila kondomu ndo hatari zaidi, na nyuma ndo zaidi kwasababu michubuko ni rahisi. Kondomu inasaidia sana. Kubusiana, kukumbatiana, kula sahani moja, kulala kitanda kimoja, mbu, hivyo haviambukizi, kwahiyo yule shemeji mliyemtengea kikombe chake mrudishieni amani yake. Nyembe, mswaki, mashine ya kinyozi isiyosafishwa na chale za mganga, hapo ndo uwe makini. Homa ya ini A yenyewe ni ya kinyesi kufika mdomoni, kwa chakula na maji au kwa kulamba sehemu za nyuma wakati wa tendo, nayo ina chanjo. C inapita zaidi kwenye damu, kwenye ngono mara chache, haina chanjo ila inapona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12 kwa watu zaidi ya 95 katika 100. Hizo nazipita, leo ni B.

Sasa kipimo, na hapa naomba msome taratibu maana ndo pesa na amani za watu zinapopotelea. Kile kipimo cha chapchap cha mtaani ni kijistripu, tone la damu, unasubiri kama robo saa, mstari mmoja wa C unamaanisha kipimo kimefanya kazi na hakijaona kitu, ukitokea na wa T kimeona. Kinachotafutwa pale ni HBsAg, yaani ganda la kirusi chenyewe. Ikija "non-reactive" mtu anaruka ruka anasema yuko salama. Ndugu yangu, hiyo imekuambia tu kwamba leo hawajakiona kirusi, haijakuambia kama una kinga. Na kama ulilala na mtu Jumamosi ukaja kupima Jumatano usitegemee kitu, kinaweza kuchukua wiki kadhaa, hata mwezi au miwili, mpaka kionekane.

Omba vipimo vitatu kwa pamoja: HBsAg (kirusi chenyewe), anti-HBs (kinga), na anti-HBc ya jumla (alama kwamba uliwahi kukutana nacho). Marekani CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, tangu 2023 wanashauri kila mtu mzima apime hivyo vitatu angalau mara moja maishani, kwahiyo daktari akikushangaa mtajie. Vyote vitatu vikiwa hasi, hujawahi kukutana nacho wala huna kinga, nenda kachanjwe. Anti-HBs peke yake ikiwa chanya, chanjo imekaa. Anti-HBs na anti-HBc zote chanya na HBsAg hasi, ulishaugua ukapona bila kujua, una kinga yako, ila siku ukija kupewa dawa za saratani au za kushusha kinga ya mwili lazima umwambie daktari, kwasababu kirusi kinaweza kuamka. HBsAg chanya, unacho, na kama baada ya miezi 6 bado kipo ndo kimekuwa cha kudumu.

Kingine ambacho hata manesi wengine wanasahau: damu itolewe KABLA ya sindano ya chanjo. Siku hiyo hiyo haina shida, mkono huu damu mkono huu chanjo, ila ukichanjwa leo ukapima wiki ijayo lile ganda lililoko kwenye chanjo linaweza kuonekana kwenye kipimo ukaambiwa unaumwa. Watu wamelizana kwa hili.

Wapi pa kupimia inategemea uko wapi. Uingereza kliniki za magonjwa ya ngono ni bure na hawaulizi karatasi zako za uhamiaji, na matibabu ya homa ya ini kwa NHS, huduma ya afya ya serikali, yako kwenye orodha ya yasiyotozwa hata kama huna makazi ya kudumu, kwahiyo woga wa "nitapelekewa bili" uache. Ujerumani kuna Gesundheitsamt, ofisi ya afya ya wilaya, nyingi wanapima magonjwa ya ngono bila hata jina. Marekani tangu 2022 chanjo inashauriwa kwa watu wazima wote wa miaka 19 hadi 59 na bima nyingi zinailipia bila wewe kuongeza kitu, asiye na bima aulizie ofisi ya afya ya kaunti yake.

Kwa wanaoenda Uarabuni kazi za ndani, udereva, ulinzi: vipimo vya afya vya viza za nchi za Ghuba vinaangalia homa ya ini B na C, na ukikutwa nayo unaandikwa hufai. Sasa we unauza kiwanja cha mama, unamlipa wakala, afu ndo unaenda kupima? Pima kwanza kwa hela yako ndogo hapa Dar, majibu ukae nayo mwenyewe, ndo uongee na wakala.

Chanjo ni sindano tatu, siku ya kwanza, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Piga hesabu: ukitaka kushuka Dar Desemba ukiwa umemaliza, sindano ya kwanza ni Juni. Umechelewa? Kuna ratiba ya haraka, siku ya 0, ya 7 na ya 21 halafu ya nne baada ya miezi 12, iulizie kliniki za wasafiri. Na Marekani ipo ya dozi mbili tu zinazopishana mwezi 1. Ukiruka tarehe usianze upya, unaendelea pale ulipoishia, na ya kwanza ukichomwa huko ya tatu unaweza kuchomwa hapa, ila njoo na kadi. Ya picha kwenye simu pia inatosha, si lazima ile iliyokunjwa kwenye waleti. Na ichomwe begani. Sisi huku tumezoea kuvua suruali kila tukisikia sindano, hii ikichomwa kwenye tako haifanyi kazi vizuri, ukiona nesi anaelekea huko mwambie dada samahani, hii ni ya mkono.

Kama mwenzako ndo anacho, wewe chanjwa, mtumie kondomu mpaka umalize sindano na ithibitike una kinga: mwezi 1 hadi 2 baada ya sindano ya mwisho upime anti-HBs, ikifika 10 au zaidi kinga imekaa. Kondomu ikipasuka na huna chanjo, wahi hospitali, ndani ya saa 24 ndo nzuri zaidi, kuna chanjo na kuna sindano ya kinga ya tayari ambayo kwa ngono wanaweza kukupa mpaka siku ya 14.

Na ukikuta ni wewe mwenye nacho usianze kupekua simu ya mkeo. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake hukitoa wenyewe kwa watu wengi mno, chini ya 5 katika 100 ndo wanabaki nacho, wakati mtoto mchanga ni kama 90 katika 100. Kwahiyo cha kudumu ukikutwa nacho una miaka 35 kuna uwezekano mkubwa ulitoka nacho kwa mama au ulikipata utotoni, kabla hata hujajua mapenzi ni nini. Hapa Dar nimeona uchumba unavunjika kwa kikaratasi cha maabara ambacho hakuna aliyekisoma vizuri, na mara nyingi anayefukuzwa ni mwanamke, kwasababu yeye ndo alipimwa kliniki ya wajawazito. Si wote wanahitaji dawa, wataangalia wingi wa kirusi, vipimo vya ini na ultrasound, na wanaohitaji wanapewa tenofovir au entecavir, kidonge kimoja kwa siku, na hicho hukiachi kienyeji. Pombe punguza au acha kabisa. Zile dawa za kusafisha ini zinazozunguka kwenye status za WhatsApp ziache, nyingine ndo zenyewe zinaumiza ini.

Mjamzito mwenye nacho amwambie mkunga mapema, mtoto apewe chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Ukipanga kuja kujifungulia Dar ili bibi amlee, piga simu hospitali unayoitaka ukiwa bado huko na uliza kama dozi ya kuzaliwa wanayo, kwasababu kwenye ratiba ya kawaida ya kliniki zetu chanjo hii imekuwa ikianza wiki ya 6, na wiki ya 6 kwa mtoto huyo ni mbali.