Peoni isiyotoa maua: anza kwa kuangalia kina cha mizizi

Msomaji uliyeko Marekani, Kanada au Ulaya, kama peoni yako, ule mmea wa bustani wenye maua makubwa, inastawi majani kila mwaka bila kutoa ua hata moja, usikimbilie mbolea. Fukua udongo taratibu kwa vidole uone macho yamekaa kina gani. Macho ni yale machipukizi mekundu yaliyo kwenye kichwa cha mzizi. Yakiwa chini zaidi ya sentimita 5, huenda hapo ndipo penye tatizo.

Iwe unaing'oa hiyo uipande upya au unapanda mpya, panda Septemba au Oktoba, kabla ardhi haijaganda. Tafuta kipande cha mzizi chenye macho 3 hadi 5, na ukishike kwa uangalifu: mizizi yake ni minene kama mihogo lakini hukatika upesi. Mahali pawe na jua la saa 6 au zaidi kwa siku, na maji yasituame. Acha mita moja kati ya shina na shina.

Kosa la kawaida ni kupanda kwenye udongo uliolegea, ambao haujashindiliwa. Mvua ikinyesha udongo unatitia, na mzizi unazama nao. Kwa hiyo changanya udongo uliochimba na mboji iliyoiva, rudishia shimoni na ushindilie vizuri kabla ya kuweka mzizi. Kisha laza ufito juu ya mdomo wa shimo upime kwa rula hadi kwenye macho: sentimita 3 hadi 5, basi. Ndipo ufukie na kumwagilia.

Mwaka wa kwanza na wa pili usitarajie mengi. Maua ya kuridhisha huanza mwaka wa tatu, na mmea ukiachwa palepale unaweza kuchanua kwa miaka 50 na zaidi. Ndugu wa Mombasa au Dar es Salaam akikuomba mzizi, mwambie ukweli: bila majuma kadhaa ya baridi kali, peoni haichanui.

Sisimizi wakijaa kwenye matumba, waache. Wanafuata utomvu mtamu tu, hawaharibu kitu, wala hakuna haja ya dawa.

Adui wa kweli ni ukungu. Machipukizi machanga hunyauka ghafla na kuwa meusi, matumba hukauka yakiwa ya kahawia, na unyevu ukizidi utaona utando wa kijivu. Kata sehemu hizo, zifunge kwenye mfuko uzitupe, usizipeleke kwenye mboji. Mwagilia chini ya shina, si juu ya majani. Majani yakishakauka mwishoni mwa msimu, kata mashina yote karibu na ardhi uyaondoe bustanini, maana ukungu hukaa humo wakati wote wa baridi.

Maua ya chombo yakate asubuhi, tumba likiwa limeanza kuonyesha rangi na linabonyea kidogo ukilibana. Usichukue zaidi ya theluthi moja ya mashina. Majani yanayobaki ndiyo yanayolisha macho ya mwaka ujao.