Umebadilisha mkanda wa taimingi na injini haiwaki vizuri: pa kuanzia

Mkanda mpya wa taimingi (unaounganisha krenkishafti na kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati wake) umeshafungwa, au hedi (kichwa cha injini) imerudishwa baada ya kubadilisha gasketi, na sasa injini inazunguka bila kuwaka, au inawaka huku inatetemeka na haina nguvu. Acha kwanza kupiga starta. Katika injini nyingi valvu iliyofunguka na pistoni iliyopanda hutumia nafasi ileile, ila kwa zamu. Taimingi ikikosewa hugongana, na valvu ndiyo inayopinda. Starta itapita juu ya kizuizi hicho bila wewe kujua. Mkono wako utakihisi.

Chomoa waya wa hasi wa betri, toa plagi zote, kisha weka soketi kwenye bolti ya puli ya krenkishafti (krenki, shafti inayozungushwa na pistoni). Zungusha polepole, upande uleule ambao injini huzunguka ikiwa inafanya kazi. Usizungushe kwa bolti ya kamshafti, shafti inayofungua valvu. Utahisi uzito unaoongezeka taratibu halafu unaachia: hizo ni springi za valvu, ni kawaida. Lakini ukikutana na kituo cha ghafla, chuma juu ya chuma, usilazimishe hata kidogo. Rudisha nyuma kiasi na ufungue kava ukague alama za taimingi kwenye gia.

Alama za kuaminika ni zile za kwenye gia ya krenki na mwili wa injini, si ya puli ya nje. Puli nyingi zina tabaka la mpira katikati, na pete ya nje ikiteleza juu ya mpira huo, alama yake inahama nayo. Hakikisha kwa kijiti kirefu ndani ya tundu la plagi ya silinda ya 1: kikifika juu kabisa, alama ya krenki nayo iwe mahali pake. Krenki huzunguka mara 2 kwa kila mzunguko 1 wa kamshafti, kwa hiyo kagua baada ya mizunguko 2 kamili. Alama zote za krenki na kamshafti zikirudi, taimingi ya mkanda iko sawa. Kwa injini ya cheni, viungo vyenye rangi ni vya wakati wa kufunga tu. Baada ya kuzungusha havirudi kwenye alama mapema, usihangaike navyo. Angalia alama za gia.

Jino moja si kosa dogo. Gia ya krenki yenye meno 20 ikikosewa jino 1, umepotea digrii 18. Mara nyingi chanzo ni ulegevu ulioachwa upande usio wake: mkanda unatakiwa ukaze kutoka krenki hadi kamshafti kwenye upande usio na tenshena (kifaa kinachokaza mkanda), na ulegevu wote ubaki kwa tenshena, ambayo ndiyo itaumeza.

Alama ziko sawa na bado haiwaki? Kagua soketi ya waya wa sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta ya injini krenki iko wapi), maana kuichomeka husahaulika sana. Kwenye gari nyingi, mshale wa RPM usipotikisika kabisa wakati wa starta, shuku sensa hiyo. Kodi ya hitilafu P0335 humaanisha tatizo kwenye saketi ya sensa hiyo. P0016 humaanisha krenki na kamshafti haziendani, na hapo unarudi kwenye alama.

Injini yenye distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi kwa rota inayozunguka) ina mtego wake. Pistoni ya 1 hufika juu mara 2 kwa kila mzunguko kamili wa kazi, na mara moja tu ndiyo ya kuchoma. Ziba tundu la plagi ya 1 kwa kidole huku mwenzako anazungusha krenki: hewa ikisukuma kidole, hapo ndipo rota inapaswa kuelekea waya wa plagi ya 1. Ikitazama upande wa pili, distribyuta imeingia kinyume kwa digrii 180, na dalili yake ni milipuko kwenye kabureta au ekzosi.

Kama ulishapiga starta sana kabla ya kusoma haya, pima kompresheni, mafuta na moto vikiwa vimekatwa na pedeli ikiwa chini kabisa. Silinda zote zikiwa chini kwa kiasi kinachokaribiana, shuku kamshafti iliyokosewa. Moja ikiwa karibu na sifuri, huenda valvu imepinda, na hedi itatoka tena.

Taimingi iliyokuwa sawa ikipotea baada ya siku chache, tazama bolti ya krenki. Isipokazwa kwa torki ya kiwandani, gia hucheza na kula kile kipande kidogo cha chuma kinachoishika. Badilisha kipande hicho, na gia pia kama mfereji wake umepanuka.