Mama akirudishwa nyumbani na saratani: mambo ya kupanga angali anaweza kusema

Daktari akishasema mionzi haitaendelea, mgonjwa arudi nyumbani na dawa za maumivu, familia nyingi huitana kikao siku hiyohiyo. Baba mdogo anafika, shangazi anafika, kaka mkubwa anapigiwa simu Mwanza. Wanajadili nauli, michango, nani atauguza, na kama kuna mganga ambaye bado hajajaribiwa. Mama yupo chumba cha pili, anawasikia. Hilo ningeomba lirekebishwe kabla ya mengine yote: mama awe ndani ya kikao, na kama hana nguvu, mtu mmoja anayemwamini akae naye kwanza amuulize anachotaka.

Wengi huogopa kwamba akiambiwa ukweli atakata tamaa. Mara nyingi ameshajua, maana mwili ni wake, na anachokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Anzeni kwa swali jepesi: "Mama, daktari alikueleza nini?" Jibu lake litawaonyesha amefika wapi na anataka kusikia kiasi gani. Akisema hataki habari zaidi, mheshimuni, ila ataje nani aambiwe kwa niaba yake. Mama yangu alipoulizwa ana wasiwasi gani, sote tulitegemea ataje nyumba. Alitaja deni la shilingi 40,000 kwa muuza dagaa, na mchango wa kikoba ambao katibu hakuwa ameuandika. Mambo hayo mawili yalikuwa yakimnyima usingizi, na hakuna kati yetu aliyeyajua.

Kabla ya kutoka hospitali, iwe Ocean Road, Bugando au KCMC, keti na daktari ukiwa na daftari. Nazungumzia zaidi saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania na wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa. Uliza dalili zipi zitakuja. Kwa saratani hii huweza kuwa damu ukeni, uchafu wenye harufu kali, miguu kuvimba, mkojo kupungua pale mirija ya figo inapobanwa. Uliza ni damu kiasi gani ya kuvumilia nyumbani na kiasi gani ya kumkimbiza hospitali, au kama mama mwenyewe hataki tena kukimbizwa. Weka karibu na kitanda khanga na taulo za rangi nzito, nyekundu au nyeusi. Damu ikitoka nyingi ghafla, kitambaa cheusi hakimtishi mgonjwa wala watoto kama shuka jeupe. Kuhusu harufu, mwambie muuguzi bila aibu. Ipo dawa, na mama anayenuka huanza kukataa wageni muda mrefu kabla hajaishiwa nguvu za kuwapokea.

Jambo kubwa kuliko yote kwenye orodha hii ni morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Usiondoke bila kujua utaipata wapi ikiisha, kwa sababu zahanati nyingi hazina, na hata baadhi ya hospitali za wilaya. Omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya karibu na nyumbani yenye huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na upige simu kwanza kuhakikisha dawa ipo. Ile ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo au yasiwepo. Ukingoja mpaka mama alie, dozi ile itachelewa kumshika. Kipimo cha usiku daktari huweza kukiongeza ili asiamshwe katikati ya usingizi. Usikisie kwa kijiko cha chai. Omba bomba la sindano lisilo na sindano, chora alama kwa kalamu kwenye kipimo alichoandikiwa, na kila anayeshika zamu aandike saa aliyompa. Siku za mwanzo atasinzia na huenda akapata kichefuchefu, ambavyo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na morfini. Na isikatishwe ghafla.

Atatokea ndugu atakayesema hiyo ni dawa ya kuua, au kwamba mama atakuwa teja. Mjibuni mapema, mbele ya daktari ikiwezekana. Morfini iliyopimwa na daktari kwa ajili ya maumivu haiharakishi kifo, na mgonjwa anapohitaji dozi kubwa zaidi, mara nyingi ni kwa kuwa maumivu yameongezeka. Uganda wamekuwa wakiwapa wagonjwa morfini ya maji majumbani tangu shirika la tiba shufaa la Hospice Africa Uganda lilipoanza mwaka 1993, na tangu 2004 sheria yao inaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Binafsi naona kumnyima mama dawa hii kwa hofu ya maneno ya watu ni ukatili, hata kama unafanywa kwa mapenzi.

Kisha amueni atakaa wapi. Kama anataka kufia kijijini kwake, asafirishwe angali anaweza kuketi. Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba kwa mtu anayeweza kuegemea bega la mwanawe ni ngumu lakini inawezekana, na gharama yake haifanani na ya kusafirisha mwili. Ila kijijini kuwe na maji, mtu wa kumuuguza, na njia ya kufikisha dawa. Vikikosekana, mwelezeni ukweli huo achague mwenyewe.

Uuguzi wa nyumbani humwangukia binti wa mwisho au mkwe, huku wengine wakituma pesa na ushauri. Pangeni zamu zenye majina na siku, na anayeuguza apewe usiku wa kulala kabisa. Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, la sivyo kiuno na visigino vitatoka vidonda. Kunja shuka mara mbili, lipitishwe chini yake kutoka mabegani hadi mapajani, watu wawili washike pande zote mbili wamnyanyue kwa pamoja. Msimvute, kwa sababu ngozi yake inachunika. Tandikeni nailoni chini ya shuka, muwe na pampasi za wakubwa au vitambaa vya kutosha. Kinywa kisafishwe kwa kitambaa laini chenye maji ya chumvi kidogo.

Kuhusu maombi na miti shamba, mama anayetaka kuombewa aombewe. Nikatae tu mambo mawili: kuuza shamba kumlipa anayeahidi uponyaji, na kuacha morfini kwa sababu mtu amesema inazuia imani.

Karatasi zishughulikiwe akili yake ikiwa bado imetulia. Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na mashahidi wasiwe wale watakaorithi. Kwa Mwislamu, wasia hauvuki theluthi ya mali na haumpi mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake, hivyo aitwe sheikh anayejua mirathi. Kusanyeni kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima, hati au karatasi za mauziano ya kiwanja, na majina yaliyoandikwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Ataje madeni, ya kudai na ya kudaiwa. Ataje pia anataka kuzikwa wapi, na padre, mchungaji au sheikh aitwe mapema, angali anaweza kuitikia.

Watoto wadogo waambiwe kwa lugha yao kwamba bibi anaumwa sana na hatapona, na kwamba si kosa lao. Waruhusiwe kuingia chumbani.

Siku za mwisho atalala zaidi, atakataa chakula, mikono na miguu itapoa, pumzi itakatika na kurudi, na koo linaweza kukoroma. Msimlazimishe uji, maana utampalia. Mgeuzeni ubavu, mloweshe midomo, na muendelee kuzungumza naye kwa jina lake. Asipoweza kumeza, mpigieni muuguzi mjue dawa ya maumivu atapewaje.

Akifia nyumbani, mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji ajulishwe ili kibali cha mazishi kipatikane, na kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Bila cheti cha kifo, mirathi na fedha zake benki zitakwama. Chupa ya morfini iliyobaki isiachwe kabatini wala kupewa jirani mwenye maumivu. Irudishwe hospitali ilikotoka, pamoja na daftari la saa za dozi.