Integrali Ngumu: Soma Mipaka Kabla ya Kuanza Kukokotoa

Mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa Mwanza, awe Bwiru au Nyegezi, kwa kawaida huwa ameshazimudu njia tatu za kukokotoa integrali: kubadili herufi, kuintegreti kwa sehemu, na kuivunja sehemu yenye asili ndefu kuwa sehemu ndogondogo. Hizo sizirudii. Ninayemwandikia ni yule aliyezijaribu zote tatu, akajaza kurasa, na swali bado limemgomea.

Anza kwa kusoma mipaka. Chukua integrali ya sin x ÷ (sin x + cos x) kutoka 0 hadi π/2, uiite I. Kila penye x weka π/2 − x: mipaka inabaki ileile, sin inageuka cos na cos inageuka sin, hivyo I ni sawa pia na integrali ya cos x ÷ (sin x + cos x). Zijumlishe hizo mbili; kiasi na asili vinalingana, ndani inabaki 1, kwa hiyo 2I = π/2 na I = π/4. Hata sin na cos zote zikipewa kipeo cha 5 au cha 100, jibu ni lilelile, na kwangu huo ndio uzuri hasa wa njia hii. Mpaka wa juu ukiwa π/3, iache, kwa kuwa sin haitageuka cos.

Mipaka isiposaidia, tafuta namba unayoweza kuigeuza herufi. Katika integrali ya (x³ − 1) ÷ ln x kutoka 0 hadi 1, kinachosumbua ni ln x iliyo kwenye asili. Badala ya 3 andika a, kisha tafuta derivativu kwa kufuata a, si x: ln x inajitokeza juu, inakatana na ya chini, na inabaki integrali ya xᵃ, yaani 1 ÷ (a + 1). Ukiintegreti kwa a unapata ln(a + 1) + C. Herufi a ikiwa 0 integrali yote ni 0, hivyo C ni 0, na jibu ni ln 4. Msingi wake ni kanuni ya Leibniz, yaani ya kutafuta derivativu ndani ya integrali, na Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani, alichangia sana kuipa umaarufu njia hii.

Kabla ya kulipigia jibu mstari, lipime. Kati ya 0 na 1 thamani ya (x³ − 1) ÷ ln x hupanda kutoka 0 kuelekea 3, na x ikiwa 0.5 thamani yake ni takriban 1.26, kwa hiyo ln 4, ambayo ni takriban 1.386, inakubalika; ukipata 4 au namba hasi, rudi ukakague alama za kutoa.