Kupunguza mazutu katika mashine ya kuchimba ya haibridi: mwongozo kwa wasimamizi wa kazi Lubumbashi

Mashine ya kuchimba ya haibridi, yaani yenye injini pamoja na njia ya kuhifadhi nishati na kuitumia tena, haipunguzi mazutu kwa kuwa tu ilinunuliwa ghali. Huyapunguza inapopewa kazi inayolingana na muundo wake. Katika ile ambayo Komatsu walianza kuiuza Japani mwaka 2008, mota ya umeme ndiyo inayozungusha sehemu ya juu, na kila mzunguko unaposimamishwa mota hiyo hugeuka jenereta na kupeleka umeme kwenye kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme), ili baadaye uisaidie injini. Caterpillar, katika mashine yao ya 336E H, walifuata njia nyingine: nguvu ya kusimamisha mzunguko huhifadhiwa kama shinikizo la mafuta ya haidroliki ndani ya mitungi yenye nitrojeni. Soma kwanza kitabu cha mashine yako ujue unayo ipi.

Ukiwa na mashine mbili kazini, ya haibridi ipangie kupakia malori, kwa maana huko huzunguka na kusimama mamia ya mara kwa siku. Kuvunja mwamba kwa nyundo au kusawazisha mteremko iachie ile ya kawaida, kwa sababu pasipo mzunguko hakuna nishati ya kurudishwa.

Hapa wengi hukosea: hudhani kwamba mzunguko ukiwa mrefu faida huongezeka. Nishati inayorudi daima ni pungufu kuliko iliyotumika, kwa hiyo lori lisimamishwe mahali ambapo dereva wa mashine atazunguka nyuzi 45 hivi badala ya 90 au zaidi, na mashine ikae juu ya tuta lenye kimo kinachokaribia cha bodi la lori, ndoo isipandishwe bure. Dereva asiizuie ndoo kwa kuigonga kwenye ukuta wa shimo. Nguvu ambayo ingerudi kwenye kapasita huishia udongoni, na mkono wa mashine huumia.

Kipimo nacho kichaguliwe kwa uangalifu. Jaza tanki asubuhi, lijaze tena jioni, kisha gawanya lita zilizoingia kwa idadi ya malori yaliyopakiwa. Tuseme mashine moja hutumia lita 15 kwa saa na kupakia malori 10, nyingine lita 12 na malori 7: ya kwanza imetumia lita 1.5 kwa lori, ya pili takriban 1.7, ingawa kwa hesabu ya saa, mashine ya pili ndiyo iliyoonekana nafuu. Hesabu ya lita kwa saa humpendelea hata anayeacha injini ikinguruma huku akingoja lori, jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo upotevu ulio rahisi kuliko wote kuukomesha: azime.

Wakati wa kiangazi, vumbi letu jekundu huziba vichujio vya hewa na rejeta haraka, na mfumo wa umeme wa haibridi nao unahitaji kupoozwa. Kagua kila siku. Minyororo isikazwe kupita kiasi, na meno ya ndoo yaliyolika yabadilishwe.

Nyaya za umeme mkubwa, ambazo kwa kawaida huwa za rangi ya machungwa, zisiguswe na fundi asiyefundishwa. Kapasita hubaki na chaji hata injini ikizimwa, hivyo muda wa kusubiri ulioandikwa na mtengenezaji ufuatwe kabla ya kufungua kifuniko chochote.