Kibodi ya mtumba kwenye Linux Mint: chagua mpangilio kabla ya kuanza kuchapa

Ukinunua kibodi ya mtumba hapa Mwanza, kabla hujalipa tazama kitufe cha 2 na cha 3. Juu ya 2 pakiwa na @ na juu ya 3 pakiwa na #, hiyo ni ya mpangilio wa Marekani (mpangilio ndio unaosema kitufe kipi kinatoa alama ipi). Ukiona alama ya kunukuu juu ya 2 na £ juu ya 3, ni ya Uingereza. Zote zinafaa, ila lazima ujue umeshika ipi. Kompyuta haitang'amua yenyewe, kwa sababu kibodi hutuma namba ya kitufe kilichobonyezwa, haitumi herufi iliyochorwa juu yake.

Mimi nachapa kazi za watu Kirumba, jirani na Mwaloni: barua, risiti za wauza dagaa, katiba za vikundi vya wavuvi. Kompyuta zangu ni za Linux Mint, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows. Kuchomeka hakuna kazi, maana Linux ina dreva (programu ya kukiendesha kifaa) ya kibodi za USB tayari. Huhitaji CD wala bando. Chomeka, bonyeza Num Lock, taa ikiitikia basi. Isipoitikia, fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri) uandike lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, chomoa kibodi, andika tena, ulinganishe. Kama hakuna mstari uliopungua, kompyuta haikuwa imeiona: jaribu tundu jingine.

Sasa mpangilio. Kwenye menyu tafuta Keyboard, ingia Layouts, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua English (US) au English (UK) kulingana na kibodi yako. Usiouhitaji uondoe.

Hapa nakuomba uwe makini: usichague ule wenye maneno "intl., with dead keys". Humo kitufe cha ' hakiandiki kitu mpaka ubonyeze herufi inayofuata, kisha viwili vinaungana. Unachapa ng'ombe, inatoka ngómbe. Ng'wandu anakuwa Ngẃandu. Huku Usukumani majina ya ng' yamejaa, na jina likiharibika kwenye mkataba wa kuuziana shamba, mwenye jina ndiye atakayezungushwa ofisini. Kwa hiyo kila kibodi mpya naipima kwa neno ng'ombe kabla sijapokea kazi ya mteja.

Ukitaka kujaribu mpangilio haraka, andika kwenye Terminal setxkbmap gb (Uingereza) au setxkbmap us (Marekani). Itadumu mpaka utakapotoka kwenye akaunti. Ya kudumu kwa kompyuta nzima ni hii:

sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration

Chagua Generic 105-key kwa ya Uingereza, 104-key kwa ya Marekani, kisha lugha. Majibu yako yanahifadhiwa kwenye /etc/default/keyboard.

Kabla hujazima, fungua ukurasa mtupu uchape neno lako la siri ukiliona, halafu ulifute. Kwenye mpangilio wa Uingereza @ inapatikana kwa Shift na kitufe cha ', si Shift na 2, na kwenye skrini ya kuingilia utaona vidoti tu.